Wasia au amana? Anzeni na majina yaliyo kwenye hati

*"Nina miaka 51, mume wangu 60. Tuna watoto wawili, wa miaka 19 na 13. Huyu mdogo ana ulemavu wa akili na hataweza kujitegemea. Mume wangu ana binti wa miaka 27 aliyempata kabla hajanioa, nami nampenda. Nyumba imeandikwa jina la mume wangu peke yake, kiwanja ni chetu wote wawili, kila mmoja ana akaunti yake ya benki, na mume ana bima ya maisha na pensheni ya kazini. Rafiki yetu anatushauri tuanzishe amana ya familia. Anasema tukiwa nayo wasia hatuuhitaji tena, mahakamani hatutafika, kodi hatutalipa na wadai hawatatugusa. Mume wangu anaona kuzungumza haya ni uchuro. Anasema watoto wanapendana, watagawana wenyewe. Mimi silali, na hofu yangu kubwa ni huyu mdogo. Tuandike wasia, tuanzishe amana, au vyote viwili? Tuanzie wapi?"*

Dada yangu, ndani ya swali lako kuna suala la karatasi na kuna suala la moyo, na nadhani la moyo ndilo linalokunyima usingizi: siku nyinyi wawili msipokuwepo, nani atamshika mkono huyu wa miaka 13, na kwa fedha zipi? Nitalifikia. Lakini niruhusu nianze na karatasi, kwa sababu njia ya kulijibu la moyo inapita humo.

Familia iliyo katika hali yenu mara nyingi huhitaji vyote viwili, wasia na amana, yaani mpango wa kuiweka mali mikononi mwa mtu aisimamie kwa faida ya wengine. Ila msianze na hata kimoja. Anzeni kwa kukaa pamoja na kuandika kila mnachomiliki, na mbele ya kila kitu mwandike jina lililo kwenye hati yake. Nasisitiza hili kwa sababu kosa ninaloliona mara kwa mara katika kazi hii ni la mtu aliyeandika wasia safi kabisa, umeshuhudiwa vizuri, umehifadhiwa vizuri, halafu alipofariki sehemu kubwa ya mali ikaenda kwa watu wengine, kwa kuwa wasia ule haukuwa na nguvu juu ya mali ile.

Mtu akifariki, mali zake hazitoki zote kwa mlango mmoja. Ile iliyo kwa jina lake peke yake, kama nyumba yenu, hupita mlango wa mirathi: msimamizi anathibitishwa na mahakama au mamlaka nyingine ya nchi husika, madeni yanalipwa kwanza, kisha kinachobaki kinagawanywa kwa kufuata wasia. Kama hakuna wasia, kinagawanywa kwa kanuni za sheria, ambazo haziwajui watoto wenu wala mahitaji yao.

Mali ya pamoja, kama kiwanja chenu, inategemea upamoja wenyewe ni wa aina gani. Katika nchi nyingi kuna umiliki ambao mmoja akifa sehemu yake humwendea moja kwa moja aliyebaki, hata kama wasia unasema vingine. Kuna umiliki mwingine ambao kila mmoja ana fungu lake, na fungu hilo huingia kwenye mirathi yake. Someni hati yenu mjue ninyi mko wapi. Bima ya maisha na pensheni navyo vina mlango wao: mara nyingi hulipwa kwa yule aliyeandikwa kwenye fomu ya mnufaika, ile ambayo huenda mume wako aliijaza siku anaanza kazi na hajaitazama tena.

Fomu hiyo si jambo dogo. Nchini Marekani kulikuwa na mtu aliyeitwa David Egelhoff. Alipeana talaka na mkewe mwaka 1994, na baada ya miezi michache akafariki kufuatia ajali ya gari. Fomu za bima na pensheni za kazini bado zilikuwa na jina la mtalaka wake. Watoto wake wa ndoa ya awali walikwenda mahakamani, na sheria ya jimbo lao ilikuwa upande wao, lakini mwaka 2001 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba sheria ya jimbo haiwezi kuibatilisha fomu hiyo kwa mipango ya kazini. Sheria za nchi yenu zinaweza kuwa tofauti. Hata hivyo, mume wako aombe nakala ya fomu zake wiki hii. Ni kazi ya dakika chache na haina gharama.

Sasa wasia. Wasia ni maagizo yanayoanza kufanya kazi pale mtu anapokata roho, na siyo dakika moja kabla. Humtaja msimamizi, husema mali iliyo kwa jina la marehemu iende kwa nani, na, jambo muhimu sana kwenu, ndimo wazazi humpendekeza mlezi wa mtoto ambaye hajafikia utu uzima. Masharti yake ni mepesi, ila hayana huruma kwa anayeyakosea. Sheria ya wasia ya Uingereza ya mwaka 1837, ambayo nchi nyingi zilizowahi kutawaliwa na Waingereza ziliiga misingi yake, inataka sahihi ya mwenye wasia iwekwe au ikiriwe mbele ya mashahidi wawili waliopo kwa pamoja. Shahidi akiwa ndiye anayeachiwa kitu, au mwenzi wake wa ndoa, zawadi hiyo hubatilika ingawa wasia unabaki hai. Kwa hiyo binti yenu wa miaka 27 asiwe shahidi, hata kama ndiye pekee aliyeko nyumbani siku hiyo. Chini ya sheria hiyo hiyo, kuoa au kuolewa hufuta wasia wa zamani. Ufaransa ni tofauti: wasia ulioandikwa wote kwa mkono wa mwenyewe, wenye tarehe na sahihi, unatosha bila shahidi yeyote. Ndiyo maana sitakushauri uchukue kielelezo kutoka intaneti ukabadilisha majina tu.

Hifadhi nayo ina uzito wake. Mwimbaji Aretha Franklin alipofariki mwaka 2018, familia ilidhani hakuacha wasia. Mwaka uliofuata zikapatikana karatasi alizoandika kwa mkono, moja ya 2010 ikiwa kwenye kabati lililofungwa, nyingine ya 2014 ikiwa kwenye daftari chini ya matakia ya kochi. Zilipingana. Ilipofika Julai 2023 ndipo baraza la mahakama huko Michigan lilipoamua kwamba ya 2014 ndiyo halali, baada ya wanawe kusimama pande mbili tofauti. Na walikuwa ndugu wa tumbo moja.

Tuje kwenye amana, kwa kuwa hapa rafiki yenu amewaambia mambo manne na matatu kati yake hayako sawa.

Amana ya familia inayoanzishwa mtu akiwa hai ni mpango ambapo mali inatoka kwenye jina lako na kushikwa na mdhamini kwa faida ya watu uliowataja, kwa masharti uliyoandika. Mara nyingi wewe mwenyewe ndiye mdhamini wa kwanza: unaendelea kukaa kwenye nyumba yako, unaweza kuiuza, unaweza kuivunja amana yenyewe. Ukifariki au ukishindwa kujiendesha, mdhamini uliyemtaja kama mrithi wa nafasi hiyo anachukua usukani bila kusubiri kibali cha mahakama. Hapo ndipo uzuri wake ulipo. Mali iliyomo haipiti mlango wa mirathi, na masharti yake kwa kawaida hayawekwi wazi kwa umma, tofauti na wasia ambao katika nchi nyingi mtu yeyote anaweza kuusoma ukishathibitishwa.

Lakini amana ni kapu. Kapu tupu halilishi mtu. Kusaini hati ya amana hakuhamishi nyumba; nyumba inahama pale hati miliki inapobadilishwa jina kwa msajili, na akaunti inahama pale benki inapobadilisha jina la mwenye akaunti. Nimewaona watu waliolipia hati nzito yenye kurasa nyingi na mihuri, wakaiweka kabatini, hawakuhamisha hata kitu kimoja. Walipofariki mali yote ikarudi kwenye mirathi kana kwamba amana haikuwahi kuwepo. Ukimlipa mtu akuandalie amana, muulize kabla hujalipa: uhamishaji wa kila mali ni juu ya nani, na utakamilika lini? Akisitasita, tafuta mwingine.

Kwa sababu hiyo si kweli kwamba amana inaondoa haja ya wasia. Daima kuna kitu kitakachosahaulika au kitakachopatikana baadaye: akaunti ndogo, malimbikizo ya mshahara, fidia, gari lililonunuliwa mwezi uliopita. Wanaojua kazi huandika pamoja na amana wasia mfupi unaosema kwamba chochote kilichobaki nje kiingizwe kwenye amana. Na mlezi wa mtoto mdogo hutajwa kwenye wasia.

Kuhusu wadai na kodi, hebu fikiria hivi: kama unaweza kuivunja amana kesho asubuhi na kuichukua mali yako, kwa nini mdai wako asiweze kuifikia? Amana unayoweza kuifuta kwa kawaida haikukingi na madeni yako, na serikali huendelea kukutoza kodi kama mwenye mali. Iko amana isiyoweza kufutwa, na hiyo inaweza kukinga, ila kwa gharama ambayo watu huizungumzia kwa sauti ya chini: mali si yako tena. Ukibadili mawazo, umechelewa. Na ukiihamisha wakati tayari unadaiwa, mahakama inaweza kuutengua uhamisho huo kwa kuuona ni njama dhidi ya wadai. La mahakama, rafiki yenu yuko karibu na ukweli, mradi kapu limejazwa.

Huo ndio upande wa karatasi. Sasa watoto.

Nianze na binti wa mume wako, kwa sababu umesema unampenda na hapo ndipo familia nyingi zenye upendo huanguka bila mtu kukusudia ubaya. Wenzi huandikiana wasia: nikifa vyote viwe vyako, nawe ukifa viende kwa watoto wote. Inaonekana ni haki. Lakini akishatangulia mume, mali yote ni yako, na sheria nyingi zinakuruhusu kuubadilisha wasia wako wakati wowote. Unaweza kuolewa tena. Unaweza kuugua na ukasimamiwa na watu ambao hawamjui binti huyu. Yeye si mwanao wa kumzaa, na kama wewe ukifariki bila wasia, katika nchi nyingi hana fungu lolote kwako. Alichokuwa apate kwa baba yake kinapotea kwa sababu tu baba alikufa wa kwanza.

Amana inalitatua hili vizuri kuliko wasia wa kuandikiana. Mume wako anaweza kuiweka nyumba kwenye amana yenye sharti kwamba wewe una haki ya kuishi humo maisha yako yote na matengenezo yalipiwe kutoka kwenye amana, na baada yako nyumba igawanywe kwa watoto watatu kwa mafungu yaliyokwisha kuandikwa, ambayo huwezi kuyabadilisha. Wewe unalindwa, binti analindwa, na wala hamuhitaji kuaminiana hadi kaburini kwa mdomo tu. Andikeni pia itakuwaje iwapo mtoto mmoja atawatangulia: je, fungu lake liende kwa watoto wake au lirudi kwa nduguze? Sentensi hiyo moja ikikosekana, wajukuu wanaweza kubaki mikono mitupu.

Na huyu mdogo. Dada yangu, usimwachie mali mkononi, hata kwa wasia ulioandikwa kwa mapenzi yote. Atakapofikisha umri wa utu uzima mali hiyo itakuwa yake kisheria, na kwa kuwa hataweza kuisimamia, mahakama italazimika kumteua mtu, au mtu mwenye maneno matamu atajitokeza kumsaidia. Tena katika nchi zenye misaada ya serikali kwa watu wenye ulemavu, urithi unaweza kumwondolea msaada huo. Nchini Marekani, kwa mfano, msaada mmoja mkubwa wa aina hiyo hukoma mtu mmoja anapomiliki mali inayohesabika ya zaidi ya dola 2,000.

Wazazi wengine hukwepa hatari hizi kwa kumwachia mtoto mzima fungu la mwenye ulemavu, kwa ahadi kwamba atamtunza. Ninaelewa kwa nini. Lakini sheria itaiona mali hiyo ni ya yule mkubwa: wadai wake wanaweza kuichukua, talaka yake inaweza kuigawa, na akifa itawaendea watoto wake. Wa miaka 19 anaweza kuwa na moyo wa dhahabu na bado haya yote yakatokea.

Njia salama ni amana ya peke yake kwa ajili ya huyu mdogo. Mdhamini ndiye anayeshika fedha na kulipia matunzo, matibabu, mafunzo, nguo, hata safari na vitu vinavyomfurahisha, bila mali kuwa ya mtoto moja kwa moja. Bima ya maisha ya mume wako ni chanzo kizuri cha kuijaza, kwani fomu ya mnufaika inaweza kubadilishwa ikataja amana hiyo. Msiliweke jukumu hili nafasi ya mwisho katika mafungu. Inawezekana kabisa kwamba usawa kwa watoto watatu si mafungu matatu yanayolingana, na ni vema wakubwa wawili walisikie hilo kutoka kwenu mkiwa hai.

Ningependa mlezi anayeishi naye na mdhamini anayeshika fedha wawe watu wawili tofauti. Mlezi anajua mtoto amelala vipi jana; mdhamini anajua salio. Kila mmoja anamwangalia mwenzake. Mdhamini awe anaelewa hesabu, ana umri wa kutosha kuishi muda mrefu baada yenu, na atoe hesabu za maandishi kila mwaka kwa mtu aliyetajwa. Tajeni wa pili na wa tatu, maana huyu mtoto anaweza kuishi miaka 50 baada yenu. Pamoja na hati, andika kwa lugha yako barua ndefu isiyo ya kisheria: anakula nini, anaogopa nini, dawa zipi, wimbo gani humtuliza. Hakuna mwanasheria atakayekuandikia hiyo, na pengine ndiyo karatasi itakayosomwa zaidi.

Kuna pengo jingine ambalo hukulitaja. Mmoja wenu akipatwa na kiharusi na asiweze kusema, wasia wake hausaidii kitu, kwa kuwa bado yu hai. Kila mmoja amwandikie mwenzake hati ya uwakilishi, ile inayompa mwenzake mamlaka ya kushughulikia mambo yake kwa niaba yake, na isemwe wazi humo kwamba itaendelea kuwa na nguvu hata mtoaji akipoteza uwezo wa akili, kwa sababu katika nchi nyingi hati ya kawaida hukoma hapo hapo. Hati hiyo hufa pamoja na aliyeitoa. Usijaribu kuitumia benki baada ya msiba.

Halafu jueni mipaka ya uhuru wenu. Si kila mahali mtu anaweza kugawa apendavyo. Ufaransa huwatengea watoto fungu lisiloguswa na wasia: nusu ya mali akiwa mtoto mmoja, theluthi mbili wakiwa wawili, robo tatu wakiwa watatu au zaidi. Nchi nyingine huwapa wategemezi haki ya kwenda mahakamani kama wasia haukuwakumbuka. Kama nyinyi ni Waislamu, wasia hauzidi theluthi moja ya kinachobaki baada ya madeni, wala hautolewi kwa mrithi isipokuwa warithi wengine waridhie. Lakini tazama hapa: binti wa mume wako si mrithi wako, kwa hiyo theluthi yako inaweza kabisa kumfikia. Amana inayoweza kufutwa, kwa upande huo, iulizieni kwa kadhi au mwanazuoni wa mirathi kabla hamjasaini, kwa sababu zawadi ya uhai inataka mtoaji aiachie kweli.

Mume wako simlaumu. Watu wengi wema huhisi kwamba ukitaja kifo unakiita. Mwambie kwamba mfalme Hezekia aliagizwa atengeneze mambo ya nyumba yake, na baada ya hapo akaongezewa miaka 15. Au usimtajie kifo kabisa. Muombe tu mkague fomu ya bima, kisha hati ya nyumba. Na lile la watoto kugawana wenyewe, muulize kwa upole: huyu wa miaka 13 atakaa vipi kwenye kikao hicho, na nani atasema kwa niaba yake?

Kwa hali yenu, msifanye haya peke yenu. Mtoto mwenye ulemavu, mtoto wa uhusiano wa awali na nyumba iliyo kwa jina la mmoja ni sababu tatu, na hata moja ingetosha kuwapeleka kwa mwanasheria anayeshughulika na mirathi katika nchi ilipo mali. Nendeni na ile orodha ya mali na majina, nakala za hati miliki, fomu za bima na pensheni, madeni yenu, vyeti vya ndoa na kuzaliwa, na ripoti za daktari za mtoto. Mwanasheria akizungumza na kila mmoja wenu peke yake kwa muda, msichukie. Analinda hati isije ikadaiwa kwamba mmoja alishurutishwa. Kama mmoja wenu ana ugonjwa unaoathiri kumbukumbu, nendeni mapema, mkiwa na barua ya daktari ya siku za karibu.

Mkishamaliza, mwambieni msimamizi na mdhamini hati halisi ziko wapi. Fungueni orodha yenu tena kila mnaponunua au kuuza kitu kikubwa, na siku huyu mdogo atakapokaribia umri wa utu uzima rudini kwa mwanasheria mapema, miezi kadhaa kabla, kwa sababu siku hiyo mamlaka yenu ya wazazi juu ya matibabu na mambo yake yanaweza kukoma, na itabidi mmeshaomba usimamizi wa kisheria mpya.